Sakafu Inasukuma

Baba alipopata kiharusi, mguu wake wa kushoto ulikufa ganzi. Nguvu zilianza kurudi taratibu, lakini hisia hazikurudi. Niliomba ruhusa shuleni Singida Mjini, ninakofundisha fizikia, nikaenda Misigiri kumsaidia mama kumuuguza.

Daktari alitaka asimame kila siku. Baba hakutaka. Mtu aliyelima alizeti maisha yake yote alikaa kitandani akiutazama ule mguu kama wa jirani. Tukimwinua, alitung'ang'ania mabegani, jasho likimtoka, akiomba tumrudishe. Mama alidhani ni ubishi wa ugonjwa. Asubuhi moja, mama akiwa amekwenda kisimani, nilimuuliza baba anaogopa nini.

"Upande huu sakafu haipo," alisema. "Nakanyaga, sikuti kitu."

Jibu nililokuwa nalo lilikuwa la darasani tu. Nikakaa chini, nikaushika unyayo wake, nikamweleza kwamba mguu na saruji vyote vimejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana, na kila chembe imezungukwa na elektroni, ambazo zote zina umeme wa aina moja. Elektroni za mguu zikisogelea mno zile za sakafu, zinasukumana. Hazikubali kukaa mahali pamoja. Kusukumana huko ndiko tunakokuita kugusa. Akiegemeza uzito zaidi, saruji inabonyea kidogo mno, jicho haliwezi kuona, nayo inazidi kumsukuma juu mpaka itoshe kumbeba.

Akauliza kama inasukuma hata mtu asipoisikia.

"Hata ukiwa umelala, baba. Kitanda kimekusukuma usiku kucha."

Akacheka, mara ya kwanza tangu augue, mdomo ukienda upande. Akaninyooshea mikono. Aliushusha mguu huku akiutazama, akauegemea kidogo, akauegemea tena. Goti lilitetemeka lakini halikukunjika. Mama aliporudi alitukuta tumesimama katikati ya chumba, tumeshikana. Akaitua ndoo mlangoni polepole, akabaki hapo akifuta macho kwa kanga.

Mpaka leo ule mguu hausikii. Anatembea kwa fimbo, akitazama anapokanyaga. Msimu huu alipanda mistari michache ya alizeti kando ya nyumba, yeye akitoboa mashimo kwa fimbo yake, mama akimfuata nyuma na mbegu.