Fimbo Niliyomchagulia Baba Mkwe

Jumamosi, tarehe 15 Novemba. Ikola. Asubuhi joto la kubana, mawingu yamekaa juu ya milima ya Kongo bila kusogea. Mchana upepo ukaja kutoka ziwani na matone machache, halafu basi. Mvua tuliyoiacha Mpanda jana haijafika huku.

Nimekaa kwenye mkeka nje ya nyumba ya wakwe zangu, jikoni wanasonga ugali. Sijui kama niandike yote. Nadhani niandike, maana nikiacha nitaanza kuyapamba, na kwa jambo hili nimeshapamba vya kutosha.

Ni habari ya fimbo ya kuvulia samaki.

Baba mkwe amekuwa mvuvi wa boti maisha yake yote. Mwaka juzi aliteleza ndani ya boti akaumia bega la kulia, akakaa miezi bila kugusa wavu. Bega likapona, lakini wenye boti hawakumwita tena. Mke wangu anasema hilo lilimuuma baba yake kuliko bega lenyewe. Sasa, shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, yuko Dar, anafanya kazi kwenye boti zinazopeleka wageni kuvua baharini. Akamtumia mzee rili, ile mashine ya kukunjia mshipi, kubwa, ya maji ya chumvi, ili mzee avue mwenyewe kutoka kwenye miamba bila kumuomba mtu nafasi. Mzigo ulipitia kwangu Mpanda. Shemeji akanipigia simu: "Shem, hiyo rili haina fimbo. Tafuta inayoendana nayo. Usimpelekee mzee mti tu."

Nikamwambia hilo dogo.

Mimi nauza mchele sokoni, mchele wa Majimoto, na shule yangu iliishia darasa la saba. Fimbo ya dukani nilikuwa sijawahi kuishika. Lakini nilisema hilo dogo, na nikishasema hivyo huwa napata shida kurudi nyuma.

Kuna duka la nyavu na majembe pale mjini, mwenyewe ni mzee mtaratibu wa kofia. Alikuwa na fimbo mbili za baharini, zilikuja na mzigo wa mitumba kutoka Dar. Moja ilikuwa na pete kubwa za kupitishia mshipi, ile ya chini pana kama mdomo wa kikombe, nyingine zinapungua kwenda juu. Ya pili ilikuwa na pete ndogondogo nyingi, na chini ya mshikio ina kichuma kilichopinda kama kifyatulio cha bunduki. Nikaipenda hiyo ya pili.

"Rili umekuja nayo?" akaniuliza.

"Ipo nyumbani."

"Ni ya kukaa juu ya fimbo, au ya kuning'inia chini?"

Kulikuwa na watu wawili wanachagua majembe. Wakageuka kutusikiliza. Sikujua jibu. Ningesema sijui, mambo yangeishia pale. Nikasema, "Ya juu."

"Una uhakika? Kailete basi tujaribishe, fimbo haikimbii."

"Mzee, najua ninachonunua."

Nayaandika maneno hayo kama nilivyoyasema, kwa sababu baadaye nilimwambia mke wangu kwamba yule mwenye duka aliniuzia kitu kibaya. Si kweli. Fimbo ni nzima na nzuri kwa rili ya aina yake. Yeye alinionya, tena alinionya kwa upole. Mimi ndiye niliyependa kifyatulio.

Mwezi wa nane tukaja nayo huku. Niliifunga rili mwenyewe, mwaloni, pale boti zinapopakuliwa, watu wamejaa. Kwa kuwa kile kichuma kilikuwa chini, rili nikaiweka juu. Mkono wake ukawa unazunguka kinyumenyume. Mtu mmoja akauliza mbona hivyo, nikamjibu kuwa vya baharini ndivyo vilivyo. Baba mkwe alipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, mkwe. Inafaa." Nikampiga picha.

Wiki iliyopita mke wangu akapata simu kutoka nyumbani kwao: baba ameacha kuvua. Anasema bega limeisha, akirusha chambo kinaanguka palepale miguuni. Tulisikitika. Nitakuwa mkweli, mimi nilisikitika kwa sauti. Siku ile sokoni niliwaambia wenzangu kwamba mzee wangu ndiyo basi tena, mkono umekwisha. Na kwa kuwa nilikuwa na huzuni nzuri, nikamtumia shemeji ile picha, nikaandika chini yake kwamba hii ni kumbukumbu ya baba akiwa bado ana nguvu.

Jibu lilikuja kwa sauti. Mke wangu alikuwa anapeta mchele pembeni, nikaweka simu isikike kwa wote wawili. Mwanzo ulikuwa kicheko kitupu.

"Shem. Nakuheshimu, shem, lakini hiki ni nini? Rili umeifunga kichwa chini miguu juu. Hiyo inaning'inia, shem, inaning'inia. Halafu mshipi wake unatoka kwa miduara mipana, unataka pete ya kwanza iwe pana. Kwa vipete hivyo hata mimi nikirusha kitaniangukia miguuni. Mzee hapo havui, anasaga kahawa."

Mke wangu hakucheka. Aliweka ungo chini. "Kwa hiyo bega la baba lina nini?"

Nikaisikiliza tena sauti ya shemeji, toka mwanzo.

Nikarudi dukani. Ile fimbo ya pete kubwa ilikuwa bado ipo. Safari hii nilikuwa na picha ya rili kwenye simu, shemeji aliipiga karibu kabla hajaituma, namba zake zinasomeka. Mwenye duka alivaa miwani, akasoma namba za uzito wa mshipi kwenye picha, akasoma zilizoandikwa kwenye fimbo juu ya mshikio, akaona zinakaribiana. "Hii inaning'inia," akasema, na hakuongeza neno. Ningependa angenisema kidogo.

Shida ikabaki namna ya kuifikisha. Kwa wakwe zangu, mkwe na mkwe hawakosoani. Alichokuletea mkwe unakipokea na kukitumia. Mama mkwe ndiyo kabisa, usoni haniangalii wala mimi simwangalii, tunasikilizana kwa kupitia mtu au kwa kupitia ukuta. Kwa hiyo nikapanga nitasema nimeleta fimbo ya akiba. Basi. Ya akiba, mzee ataona mwenyewe kuwa hii inarusha mbali, na mimi sitakuwa nimekosea kitu. Nakiri mpango huo ulinipa usingizi.

Tumefika jana jioni. Leo asubuhi baba mkwe alikuwa ametoka, mimi nimekaa hapahapa kwenye mkeka. Mke wangu na mama yake walikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa matofali mabichi. Mama mkwe akaanza kuongea kwa sauti ambayo mtu haitumii kwa binti aliyekaa karibu yake.

"Mwambie mwenzio, bega la baba yako halina ugonjwa."

"Mama, si alisema limeisha?"

"Alisema. Juzi kabeba gunia la mihogo kutoka shambani, kalitua hapo mlangoni. Bega lililoisha linabeba gunia?"

"Sasa kwa nini anasema hivyo?"

"Siku mlipoondoka aliigeuza ile rili, akaiweka chini. Namwona. Kile kichuma kikambana vidole, kikagongana na rili. Akairudisha kama ilivyokuwa. Nikamwambia, baba nanihii, si utafute fimbo nyingine? Akasema mkwe ameifunga kwa mkono wake mbele za watu. Mimi nikiifungua watasema nini juu yake? Akaenda nayo hivyohivyo. Wamemcheka kule mpaka wamechoka, eti anasaga kahawa. Walipoanza kuuliza fimbo kanunua nani, ndipo akasema ni bega."

Mwiko ukagonga sufuria.

Nilibaki naangalia vidole vya miguu yangu. Mzee ambaye kazi yote ya maisha yake ni mikono, alikubali mwalo mzima umwite mtu aliyekwisha, wakati wenye boti ndio hao hao wanaosikiliza, ili mimi nisionekane sijui kuchagua fimbo. Na mimi huku Mpanda nikawa natangaza kwamba kweli amekwisha.

Baba mkwe alivyorudi nikampa fimbo. Mpango wa akiba ulikuwa bado mdomoni, na naona haya kuandika kwamba nilianza nao. "Baba, nimeleta nyingine, ya akiba tu."

Akaipokea kwa mikono miwili. Macho yake yalienda moja kwa moja kwenye ile pete ya kwanza, yakakaa pale. "Ahsante, mkwe. Nzuri. Ila hili bega sasa..." Akajishika bega la kushoto.

Lililoumia lilikuwa la kulia.

"Baba," nikamwambia, "twende mwaloni."

"Kwenye upepo huu?"

"Twende, baba."

Mwaloni walikuwepo wachuuzi wa dagaa na wavuvi wanaoshona nyavu. Kuna mama mmoja mchuuzi, mtani wa baba mkwe, huwa hamwachi apite hivihivi. "Mzee wa kahawa," akaita, "leo umekuja na kinu kipya? Na bega je, limepona au umeazima la jirani?"

Baba mkwe akatabasamu, akasimama tu. Rili nilikuwa nimeifungua nyumbani kutoka kwenye fimbo ya kwanza; nikaifunga chini ya hii mpya. Parafujo ilinishinda mara ya kwanza. Wote walikuwa wanaangalia. Nikasema, "Ile ya kwanza nilikosea mimi."

"Unasemaje?" Yule mama akaweka mkono sikioni. "Upepo huu, mkwe. Sema usikike."

Nikasema tena. "Ile fimbo ya kwanza niliichagua mimi, haiendani na rili, na niliifunga kinyume. Mzee bega lake zima."

Wakacheka, na safari hii kicheko kilinijia mimi. "Kumbe mwenye kinu ni mkwe!" Mwingine: "Na wewe si ndiye uliyetuambia vya baharini ndivyo vilivyo?" Kumbe walikumbuka. Mvuvi mmoja akaniomba nimfungie na injini ya boti yake, apate kwenda kinyumenyume.

"Kwa hiyo mzee ulitudanganya?" yule mama akamgeukia baba mkwe.

"Nilikuwa napumzika," akasema. Wakacheka tena.

Hakucheka nao. Aliinama kwangu kama anaangalia fundo la mshipi, akasema chini kwa chini, "Hukuwa na haja."

"Nilikuwa nayo, baba."

Hapo ndipo sina uhakika. Toka mchana najiuliza kama nilisema kwa ajili ya jina lake au nilitaka kujitua mzigo. Miezi yote hiyo alikuwa amenistiri, na mimi nimeivua stara yake mbele za watu bila kumuuliza. Yote mawili yanaweza kuwa kweli.

Akapanda kwenye jiwe, akafungua mshipi, akarudisha fimbo nyuma ya bega la kulia, akarusha. Mshipi ulitoka bila kukwama. Ile risasi ya uzito mwishoni mwa mshipi ilipita juu ya boti zilizofungwa, ikapita zote, ikatumbukia mbali ambako tulichelewa kusikia. Wanaoshona nyavu waliacha kushona. Mwenye boti mmoja, ambaye zamani mzee alikuwa kwenye boti yake, akasogea akasimama nyuma yetu. Hakumwita botini, na sitaki kuandika kana kwamba alimwita.

Mzee alirusha na kurusha mpaka jua likashuka. Hatukupata samaki, hata kuhe mmoja. Njiani kurudi alitembea mbele, fimbo ameiweka begani mwenyewe, nilipotaka kumpokea akasema hapana. Karibu na nyumbani akasema, bila kugeuka, "Ile nyingine uirudishe kwa mwenye duka. Mwambie haina kosa." Nikasema nitamwambia.

Ugali umeletwa. Tumekula mimi na baba mkwe sahani moja, ugali wa muhogo na dagaa wa kununua kwa yule mama, na kisamvu kidogo ambacho mama mkwe amekituma kwa mkono wa mke wangu.