Mbolea Mbichi Katika Ua wa Kuku

Enzi zetu sisi tuliolelewa kwenye mashamba ya wazungu upande wa Lanet, mtoto hakutishwa kwa zimwi. Alitishwa kwa lori. Lilikuja mchana kweupe, likapakia jirani na sufuria zake, likampeleka rizavu, ardhi waliyotengewa Waafrika, na kabla ya jioni nyumba yake ilikuwa imebomolewa. Hata mchezo wa kati, ule wa kukwepa mpira, tuliucheza kimya, sikio moja likiwa barabarani. Wajukuu zangu wakisikia haya wanacheka, na wao stima ikipotea dakika tano ni kilio nyumba nzima!

Baba alichukuliwa na askari kwenda kuhojiwa habari za Mau Mau, miezi ikapita hajarudi. Nyumba ya kibarua isiyo na kibarua haikuruhusiwa. Basi Mama akamwendea memsaab, mke wa mzungu mwenye shamba, ambaye kuku wake wote walikuwa wameuawa na ugonjwa wa kideri, akaomba ule ua mtupu amlimie mboga. Memsaab alikubali, ila kabichi zionekane kabla mvua haijaisha. Zisipoonekana, tungepanda lori.

Mama aliulima ule ua peke yake. Udongo ulikuwa mweusi, laini, na harufu yake ilitoa machozi. Mavi ya kuku kutoka bandani aliyarundika pembeni, akayafunika kwa majani.

"Mbolea ya kuku ni moto," aliniambia. "Iache ilale kwanza."

Nilikuwa na miaka saba, na hofu haijui kungoja. Miche ilionekana midogo mno, na mawingu yalikuwa yanapungua. Mama alipokwenda mtoni, nilichota ile mbolea mbichi kwa mikono, nikaizungushia kila mche. Nilijiona nimeokoa nyumba. Siku ya tatu majani yalikuwa ya njano. Ya tano, yalikuwa makavu kama tumbaku.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimepiga magoti nikiizoa mbolea kwa vidole, nikilia, nyapara alipotokea. Mama aliniona, akaiona na miche. Alinivuta, akanipangusa mikono kwa kitambaa chake, kidole kwa kidole, akaificha nyuma yake.

"Mama Njeri, kabichi ya memsaab iko wapi?"

Kando ya ua, managu, mboga ya kienyeji, ilikuwa imejiotea yenyewe, imenawiri, hakuna aliyeipanda. Mama alichuma fungu kubwa akampa.

"Bibi yako amezaa juzi. Mpelekee hii, maziwa iongezeke."

Nyapara aliitazama managu. Akaitazama miche, kisha mikono yangu iliyochungulia nyuma ya Mama. Alikuwa mkulima kabla hajawa nyapara.

"Hii jua ni kali sana," akasema polepole. "Nitaambia memsaab ni jua. Panda ingine leo."

Tulipanda miche iliyosalia kitaluni siku ile ile, na kabichi zikashika. Baba alitukuta palepale aliporudi, amekonda.

Siku hizi managu inauzwa Milimani, mtaa wa matajiri, imefungwa kwa karatasi ya nailoni, na wajukuu wanaosha mikono kwa sabuni yenye harufu ya maua. Nawaonea wivu, sikatai. Hawajui lori ni nini. Mimi bado nikisikia lori likibadilisha gia kwenye barabara ya Nairobi, naificha mikono nyuma, na nyuma ya nani, sijui, maana Mama hayupo.