Tuba ya Mkanda wa Chai

Wasichana wa bendi waliiita ile tuba ndogo "tuba ya Kemuma", ingawa Kemuma mwenyewe hakuwahi kumiliki hata moja.

Tuba ndiyo tarumbeta kubwa kuliko zote, ile ambayo sauti yake unaisikia kifuani kabla haijafika masikioni. Aina aliyoipenda Kemuma ilikuwa ndogo kidogo, ya pistoni tatu, vile vitufe vya kubonyeza kwa vidole. Alianza kuipuliza kanisani Birongo akiwa darasa la sita, wenzake walipokimbilia tarumbeta nyepesi wakamwachia yeye mzigo. Shule aliishia darasa la nane. Lakini wasichana aliowafundisha, kutoka Birongo mpaka Kebirigo, hawakutaka nyingine.

Sasa shule moja ya Nyaramba ilikuwa inanunua tuba, na muuzaji alileta mbili, Kemuma akaitwa azijaribu. Mwalimu mkuu, Abner, alikuwa ameshaipenda ile kubwa inayong'aa. Kama angeinunua hiyo, angeleta mkufunzi wa mjini mwenye vyeti wa kuifundisha, naye Kemuma angerudi kuchuna chai wiki nzima.

"Bwakire, Mama Marion," Abner alimsalimu, akiikodolea macho ile ndogo. "Hii ni tuba ama birika?"

"Bwakire, Mwalimu. Ni birika. Ngoja ichemke."

Watoto wakacheka. Kemuma akamweka vizuri mwanawe Marion aliyelala mgongoni, akauliza taratibu, "Bendi yako inapiga ikiwa imesimama ama ikitembea?"

"Ikitembea. Kutoka sokoni mpaka hapa uwanjani."

"Basi tuanzie sokoni."

Haron, golikipa wa shule, akabeba kubwa. Ladan, binti wa mwenye duka la vitambaa, mwembamba, akapewa ndogo. Kemuma akafungua mkanda wa kikapu chake cha chai, akaupitisha kwenye tuba, akaukingamanisha mgongoni kwa Ladan na kuukaza kwa fundo lile lile analofungia leso ya mtoto.

"Mikono ina kazi ya pistoni," akamwambia. "Uzito uachie mgongo."

Kilima cha Nyaramba hakina huruma. Walipofika kwenye posho mill, kinu cha kusaga unga, sauti ya Haron ilikuwa imekatika. Kwenye kona akasimama kabisa.

"Mwalimu, hii kitu imenikumbatia, haitaki kuniachilia!"

Ladan akampita. Bum, bum, bum, mguu na sauti pamoja, hijabu imesogea upande, mpaka ndani ya geti.

Abner akamfuata mpaka getini. "Lakini kubwa ina sauti tamu zaidi."

"Ni tamu, sikatai," Kemuma akajibu. "Ungekuwa na ukumbi na viti, ningekuambia uinunue. Wewe una kilima."

Mwalimu mkuu akamtazama Haron, aliyefika mwishowe na kulala kwenye nyasi, akacheka mpaka akashika kiuno. "Haya, tuchukue birika. Na huo mkanda je?"

"Mkanda ni wangu, Mwalimu. Unakuja pamoja na mimi."

"Basi njooni wote Jumatatu."

Kabla ya muhula kuisha, shule mbili nyingine zilikuwa zimemwagiza muuzaji "ile ya kufungwa kwa mkanda wa chai". Jina la kiwanda lililochongwa kwenye shaba hakuna aliyelisoma.

Lakini siku ile ya kilima, Kemuma alisimama getini, kichwa juu, akimsikiliza Ladan akipuliza tena na tena, bila kuombwa. Marion hakushtuka. Tuba iliponyamaza ndipo akaamka, akalia.