Nukta Nyekundu Kifuani mwa Fundi

Jumatatu iliyopita nilikuwa kwa kinyozi wangu, shavu moja limenyolewa na la pili bado, aliponiambia kwamba yule sajini wa zamani wa Kariobangi, yule aliyestaafu akaenda kufuga sungura huko Njiru, amefariki. Aliyasema hayo kama mtu anayetaja bei ya sukari, kisha akaendelea kunoa wembe wake. Mimi nikabaki na povu usoni. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana, marehemu na mimi. Tulikuwa watu wa kusalimiana barabarani, kubishana kidogo kuhusu mpira, halafu kila mtu akashika njia yake. Hata hivyo nimesikitika kuliko nilivyotarajia, na sitawaficha, wasomaji wangu, kwamba nimekasirika pia. Tangu siku hiyo nimeulizia habari zake hapa na pale, na nimegundua kwamba wengi wanamkumbuka kwa jambo moja tu, eti ndiye askari aliyemwacha jambazi atoroke kwa sababu bunduki yake ya kisasa ilipofuka juani. Nilikuwepo siku hiyo, na mambo hayakuwa hivyo hata kidogo.

Turudi mwanzoni mwa muongo huu. Bunduki za doria za askari wetu zilikuwa, na bado ziko, na vijichuma viwili vya kulengea shabaha, kimoja karibu na jicho na kingine kwenye ncha ya mtutu. Askari hufumba jicho moja, akavipanga vijichuma hivyo pamoja na mtu anayemlenga, ndipo afyatue. Wakubwa wakaona hilo ni jambo la kizamani. Zikaletwa aina mbili za vilengeo kutoka ng'ambo ili vijaribiwe, na aliyepewa kazi ya kuvijaribu ni marehemu, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwenye shabaha kama yake upande huu wa mji. Cha kwanza kilikuwa darubini ndogo iliyofungwa juu ya bunduki. Cha pili kilikuwa kijibomba kifupi chenye kioo, na ndani ya kioo hicho iliwaka nukta nyekundu kwa nguvu ya betri. Alitakiwa atembee doria akiwa na hiki kwa wiki kadhaa, kisha na kile, halafu aseme kipi kinaifaa bunduki ya askari anayezunguka mitaani. Jibu lake ndilo lingekuwa jibu la kituo, na pengine la mji mzima.

Mimi wakati huo nilikuwa mwandishi mchanga wa habari za uhalifu, nimepanga chumba nyuma ya soko, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwasumbua askari kwa maswali. Nikamsumbua na yeye. Sajini hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwao walikuwa wachonga vinyago, na alizungumza kama anayeogopa kukata zaidi ya inavyotakiwa. "Hii darubini inakuletea mtu mmoja karibu sana," aliniambia, "halafu inakunyima wengine wote. Hii ya nukta unaangalia na macho yote mawili wazi. Nukta inakaa pale risasi itaenda, na wale wengine wanabaki mahali pao, unawaona." Nikamuuliza askari anayelenga jambazi ana haja gani ya kuwaona wale wengine. "Hiyo bado sijajua," akasema.

Mtaani, bila shaka, habari ilikwishageuka. Watu waliamini kwamba nukta ile inatoka kwenye bunduki na kutua mwilini mwa mtu, kwamba ukiiona kifuani mwako ujue safari imefika. Ukweli ni kwamba nukta haitoki nje ya kijibomba chake, na anayeiona ni yule aliyeshika bunduki peke yake. Nani angesikia hayo? Sajini akipita, wauza mboga walijifunika leso hadi shingoni. Mmoja alimwambia, "Afande, usinielekezee hiyo kitu yako, mimi niko na presha," na Sajini, ambaye kucheka kwake kulikuwa kwa shida, akacheka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, jua limepanda, soko limefurika. Nilikuwa nimesimama kwa fundi viatu kwa mguu mmoja nikisubiri soli, iliposikika milio mitatu ya risasi kutoka duka la jumla lililokuwa upande wa pili wa barabara. Watu wakalala chini, wengine wakakimbia bila kujua wanakokimbilia. Jambazi alikuwa ametoka dukani na bastola, akapenya katikati ya vibanda na kuingia sehemu ya karakana, kule ambako magari yaliyogongwa hunyooshwa bodi kwa nyundo tangu asubuhi hadi jioni. Waliomwona walisema ni mrefu na amevaa ovaroli ya buluu. Sijui kama mnalijua eneo lile. Kumtafuta mtu mwenye ovaroli ya buluu katika karakana za Kariobangi ni sawa na kumtafuta mwanafunzi mwenye sare katika uwanja wa shule.

Sajini alifika mbio akiwa na konstebo mmoja kijana. Konstebo alishika bunduki ya kawaida, Sajini ile ya nukta. Umati tuliokuwa tumelala chini tukaanza kuinuka, na mnatujua tulivyo. Woga ukipungua kidogo, hasira huchukua nafasi. Vijana walishaokota mawe. Mara akatokea mtu nyuma ya magunia ya makaa, mrefu, ovaroli ya buluu, begani ameshika kitu cheusi kirefu, akija moja kwa moja upande wetu. Sauti mia zikalipuka pamoja. "Ndiye huyo! Mpige! Mpige huyo!"

Sajini akapiga goti, akaweka bunduki begani. "Simama! Weka hiyo kitu chini!" Yule mtu akaendelea kutembea. Hakukimbia wala hakuongeza mwendo. Alikuja tu, ameinamisha kichwa kidogo, kile kitu cheusi kikielekea mbele. "Simama, nitapiga!" Akaendelea kuja. Kando yangu mwanamke mmoja alisema anaiona nukta, ile pale, iko kifuani, na kijana mwingine akaapa kwamba hata yeye anaiona. Hapakuwa na kitu kifuani mwa mtu yule isipokuwa vumbi la kutu. Konstebo alikuwa amefumba jicho lake la kushoto kiasi cha uso wote kukunjamana. "Afande, nipige?" akauliza. Sajini akajibu bila kugeuka, "Toa kidole hapo." Umati ukasikia, na umati ukamgeukia yeye. Wakaanza kumwita mwoga. Mtu mmoja alisema kwa sauti kubwa kwamba lazima amehongwa. Nilikuwa karibu na Sajini kiasi cha kuona jasho likimtiririka nyuma ya sikio na kuingia kwenye ukosi wa shati. Kidole chake kilikuwa kwenye kifyatulio. Yule mtu alikuwa amebakisha hatua chache tu amfikie, na kila mmoja wetu alikuwa akiusubiri mlio.

Mlio haukuja. Sajini alishusha bunduki, akainuka, akanyoosha mkono wake wa kushoto mbele kama mtu anayesimamisha lori. Wakati huo huo mzee mmoja wa karakana, nyundo bado mkononi, alimfikia yule mtu kwa nyuma, akamkumbatia kiunoni kwa nguvu, wakaanguka wote wawili. Kile kitu cheusi kikaviringika hadi miguuni pa konstebo. Kilikuwa bomba la ekzosi, lile la kutolea moshi wa gari. Yule mtu akainua kichwa, akaona bunduki mbili, akaona mawe mikononi mwa watu, akauliza kwa sauti ya juu mno, kama wanavyouliza watu ambao hawajisikii wenyewe, "Kwani nimefanya nini? Ni ekzosi ya pikapu!" Alikuwa fundi wa kunyoosha bodi. Miaka ya nyundo juu ya bati ilikuwa imemmaliza masikio. Hakuwa amesikia milio dukani, hakuwa amemsikia Sajini, wala hakutusikia sisi tuliokuwa tukiomba auawe. Alikuwa anapeleka ekzosi kwa mwenyewe, macho yake chini akichunga asikanyage misumari.

Jambazi halisi alikuwa amevua ovaroli nyuma ya duka la mbao wakati sisi sote tunamtazama fundi, akavuka mto na kupotea. Bastola alikwenda nayo. Juma lililofuata aliitumia kumpiga risasi mlinzi wa ghala moja upande wa barabara ya Kangundo, na mlinzi yule akakatwa mguu. Tulijua ni yeye kwa sababu alipokamatwa baadaye alikiri yote mawili. Basi mtaa ukapata maneno yake. Ikawa Sajini angefyatua, mlinzi angekuwa na mguu wake. Nimewahi kuwaambia watu wazima wenye akili zao kwamba kama Sajini angefyatua angemuua fundi, na jambazi bado angevuka mto. Wananisikiliza, wanatikisa kichwa, kisha wanasema, "Lakini alimwacha atoroke." Mtu ataijibuje hoja ya namna hiyo? Mimi nimechoka nayo.

Yaliyofuata kituoni alinisimulia Sajini mwenyewe. Mkubwa wake alimwita, na kwa haki alimwita kwa nia njema. Malalamiko yalikuwa yamefika juu, na juu walitaka maelezo. Mkubwa akampa mlango wa kutokea. "Sema nukta ilipotea kwa sababu ya jua," alimwambia. "Mabati yalikuwa yanang'aa, kioo kikameta, hukuona kitu. Tutakirudisha kilengeo chao, na wewe hutalaumiwa." Ulikuwa mlango mpana, na wengi wetu tungeupita huku tukishukuru. Wenye kuuza vilengeo walikuwa mbali, na kioo hakina mdomo wa kujitetea. Sajini alikuwa anangojea kupandishwa cheo mwaka ule, ana watoto wawili sekondari, na alijua barabara anachoulizwa. Akajibu, "Afande, nukta ilionekana vizuri. Ilikuwa kifuani mwake tangu mwanzo hadi mwisho." Mkubwa akamuuliza kwa nini basi hakufyatua. Ndipo akaeleza jambo ambalo mimi niliyesimama karibu naye, mwenye kulipwa kwa kazi ya kuona, sikuliona. Jicho la kulia lilikuwa kwenye nukta. La kushoto lilimwona yule mzee wa karakana kando kabisa, akija nyuma ya fundi huku akijipiga sikio kwa kiganja, anajipiga na kujipiga, mdomo wazi, na hakuna anayemsikia kwa kelele zetu. "Mtu mwenye bastola watu humkimbia, afande," akasema. "Huyu alikuwa anakimbiliwa." Kisha akaongeza kwamba kama bado wanataka maoni yake kuhusu kilengeo, anachagua hicho cha nukta, kwa sababu hiyo hiyo.

Cheo hakikuja. Kilengeo nacho hakikuchaguliwa. Ilisemekana kinamchelewesha askari, na mtaani uvumi ukageuza kwamba kilipofuka juani. Bunduki za doria zikabaki na vijichuma vyake, Sajini akahamishiwa kituo kimoja kaskazini, mbali na watoto wake, akakaa huko hadi akastaafu. Sielewi hadi leo jinsi wakubwa walivyosoma maelezo yale wakaona ndani yake kosa. Au pengine naelewa, na ndilo linaloniudhi. Tunapotafuta kifaa kipya tunauliza kitatufikisha haraka kiasi gani, na yule anayerudi kutuambia kwamba kifaa hiki kilimpa nafasi ya kutofanya jambo tunamwona hakukielewa. Nimeyaona hayo kwenye polisi, nimeyaona maofisini, na siku nyingine, saa ya gazeti kuingia mtamboni ikikaribia, nayaona katika chumba ninamoandikia haya. Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga. Nawaheshimu wahenga, lakini hawakuwahi kusimama sokoni Kariobangi wakati watu wamekwisha kuamua.

Mara ya mwisho nilimwona mwaka jana, huko Njiru, akiwakatia sungura wake majani. Tukasalimiana, tukabishana kidogo kuhusu mpira. Halafu nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nimeliogopa kwa miaka yote hiyo, kama humfikiria yule mlinzi aliyekatwa mguu. Akaacha kukata. Akasema alikwenda kumwona hospitalini kabla hajahamishwa, na kwamba humfikiria karibu kila siku. Nikamuuliza kama angejua mapema yatakayompata mlinzi, je, angefyatua? Alinitazama, si kwa hasira, kwa uchovu tu.

"Nimpige nani, mwandishi?" akasema. "Aliyekuwa mbele yangu alikuwa na ekzosi."

Hilo ndilo nililobaki nalo, na ndilo ninalowaachia nyinyi mnaonisoma, kwa maana mitaa yetu haijapunguza mawe wala sauti za "ndiye huyo". Siku hizi mtu akinyooshewa kidole mbele yangu najilazimisha kutomtazama yeye kwanza. Nawatazama wale wanaomfahamu, kama wanamkimbia au wanamkimbilia. Nikimwona hata mmoja anayemkimbilia, naweka kalamu chini, nanyamaza kwanza.