Msalaba Mwekundu Ukutani kwa Koko

Juzi, hapa Kasongo, washauri wa mji walibishana kuhusu mahali pa kuegesha pikipiki karibu na soko. Mmoja akasema, "Kiwanja ile iko bure tu, haina mwenyewe." Barabara iliyoahidiwa pale haikufika kamwe. Mimi nikasikia tena harufu ya rangi mbichi.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, wapimaji wa barabara walichora msalaba mwekundu kwenye ukuta wa nyumba ya koko, mama wa baba, iliyosimama kwenye kiwanja hichohicho. Nilidhani wametugeuza Wakristo, nikakimbilia maji na sabuni.

"Koko, tuoshe kabla ya adhana!"

Alikuwa analia. "Acha, mutoto wangu. Haiko mambo ya dini. Ni nyumba wanataka kubomoa."

Nilisugua mpaka rangi ikatoka pamoja na chokaa, nikaamini nyumba imepona.