Tulivyomfanyia Matanga Swala wa Ndara

Mwezi uliopita nilishuka stesheni ya Voi, ile mpya, nikachukua bodaboda hadi mjini na njaa ya mtu aliyesafiri bila hata chai. Nikaingia hoteli moja karibu na barabara kuu. Uani, mpishi alikuwa akipepea makaa kwa kipande cha katoni. Mafuta ya mbuzi yakadondoka, yakalia chwaa, moshi ukanipiga usoni. Basi, ndugu yangu, sikumwona mbuzi tena. Nilimwona nyanya yangu, kainama juu ya karai, leso kaikaza kiunoni, akinihimiza: "Imba, mtoto! Imba kwa nguvu!"

Ilikuwa miaka ya tisini, nami niko darasa la nne. Tulikaa hapo hapo Voi, nyumba za kupanga, za safu, mabati juu na ua wa minyaa kati ya nyumba na nyumba. Ua ule ulizuia mbuzi tu. Maneno na harufu vilipita bila kubisha hodi. Mama akikaanga kitunguu, safu nzima ilijua kwetu leo kuna mchuzi. Kushoto kwetu aliishi mama mmoja wa Kiislamu, watu wake walitoka pwani, mpishi wa mahamri ambayo hadi leo sijaonja mfano wake. Kulia kwetu aliishi askari wa wanyamapori. Alikuwa mtu mrefu, mpole, wa kutoka mbali, na kofia yake ya kazi aliianika kwenye minyaa kila alipoifua, ikawa inatutazama siku nzima.

Baba alikuwa karani, na aliiogopa serikali kuliko radi. Akipita mbele ya kituo cha polisi alifunga vifungo vya shati hadi shingoni.

Mwaka huo nyanya aliteremka kutoka Mwanda kwa sababu ya magoti. Baridi ya milimani ilikuwa imemkamata, daktari akasema akae kwenye joto. Joto alilipata, ila chakula cha mjini kilimshinda. Kimanga cha mama, muhogo na maharagwe ya kupondwa, alisema hakikupondwa, kimetishwa tu. Nyama ya buchari alisema inanuka sabuni. Kisha angekaa kwenye mkeka, aanze kutusimulia enzi za babu, kabla kuwinda hakujapigwa marufuku, jinsi nyama ya swala ilivyobanikwa nyumbani na mtoto akalala na kidole mdomoni ili ladha isimtoroke. Alisimulia hivyo kila siku, mpaka hata mimi ambaye sijawahi kuila nikaanza kuikumbuka.

Jumamosi moja mchana mjomba akaingia. Alikuwa dereva wa lori, na siku hiyo alibeba gunia begani kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa. Akaliteremsha jikoni, akafungua mdomo wa gunia, na ndani nikaona jicho moja jeusi, zuri, likitutazama.

"Sikumwinda," mjomba akawahi kusema. "Lori lililokuwa mbele yangu ndilo lililomgonga, kule Ndara. Nilimkuta anatapatapa, nikamwahi na kisu. Ningemwacha aliwe na fisi?"

Baba alisimama mlangoni, akageuka rangi. "Awe amegongwa, awe amejinyonga, huyo ni wa serikali! Mnataka nifungwe? Na askari yuko hapo, hapo, kofia yake ile!"

Nyanya hakusikia hata neno moja. Alikuwa keshapiga magoti, yale yale magoti mabovu, na anatafuta kisu. "Serikali ina wengi," alisema. "Huyu mmoja amekuja kunitazama mgonjwa."

Hapo baba akaenda kujifungia chooni.

Nyanya alijua kazi yake. Nyama ya swala haina mafuta, alituambia, ukiiweka motoni vivi hivi inageuka ngozi ya kiatu. Kwa hiyo aliikata vipande vya unene wa kiganja, akaipaka chumvi na limau, kisha mafuta ya mbuzi yaliyobaki Krismasi. Mjomba aling'oa waya kwenye banda la kuku, akauchoma moto kuutakasa, akautandika juu ya karai la makaa. Ini likatangulia. Harufu ikainuka, na wallahi, rafiki yangu, ile haikuwa harufu ya mbuzi wala ng'ombe. Hata kuku walinyamaza.

"Itavuka ua," mama alisema.

Nyanya alifikiri kidogo. "Kaombe ubani kwa jirani. Na wewe," akanigeukia, "imba. Askari haingii mahali penye maombi."

Mama akaenda kuomba ubani. Mama jirani akampa, akauliza wa nini, na mama, ambaye hajui kudanganya, akainamisha macho tu na kurudi. Mimi nikasimama katikati ya uwanja nikaimba. Wimbo niliokuwa naujua wote, bila kukosea ubeti, ulikuwa mmoja tu: ule tuliofundishwa shuleni tulipomzika mwalimu wetu mkuu. Nikauimba kwa moyo wote. Mjomba akaingia na sauti ya chini. Nyanya, aliyekuwa mwanakwaya tangu ujana, hakuweza kujizuia, naye akapanda juu. Tulipendeza sana.

Sasa jiweke mahali pa mama jirani. Mtu amekuja kwako kaduwaa, ameomba ubani, hataki kusema wa nini. Punde si punde unasikia wimbo wa mazishi. Wewe ungefikiri nini?

Kabla ini halijaiva, mlango wa ua ulifunguka. "Innalillahi! Mwafiwa nyie, na mwanyamaza? Ndio ujirani gani huu?" Mama jirani ameingia, kajitanda buibui, mkononi ana mfuko wa sukari. Nyuma yake akina mama wa safu nzima, huyu na majani ya chai, yule na mzigo wa kuni kichwani. Mama alipata muda wa kutandaza leso mbele ya karai na kukaa juu yake, basi. Wageni wakamzunguka, wakaketi chini, wakaanza kulia. Walilia kweli, machozi ya maji. Nami nikaendelea kuimba kwa sababu hakuna aliyeniambia niache.

Wa mwisho kuingia alikuwa askari. Alivua kofia, akainama, akaketi karibu na nyanya.

"Poleni sana, mama."

"Tushapoa, mwanangu."

Hapa lazima ujue kitu kimoja. Nyanya yangu alikuwa mama wa kanisa, na uongo haukupita kinywani mwake. Alituambia siku zote: ulimi wa mwongo hukauka kabla ya mwenyewe. Basi nikamwona anakaza midomo, anatafuta njia.

"Ni nani aliyetuacha?" askari akauliza.

"Ni wa huko Ndara."

"Alikuwa mgonjwa?"

"La. Alikuwa anavuka barabara. Lori."

"Hawa madereva!" alisema askari kwa uchungu, na mjomba akakohoa. "Alikuwa mzee?"

"Kijana, mwanangu. Ungemwona akikimbia!"

"Ameacha watu?"

Nyanya alitazama juu. "Wengi. Lakini walipoona amegongwa, wote walikimbia porini."

Akina mama wakafyonya. Kumkimbia ndugu yao! Dunia imekwisha! Mmoja akauliza mwenye nyumba yuko wapi, na mjomba akaelekeza kidole kule chooni. "Muacheni," akasema mama jirani, akijipangusa macho. "Wanaume hulia peke yao. Na mazishi ni lini, bibi?"

"Tulikuwa tumeanza," nyanya alisema, "mlipoingia."

Wakati huohuo nyuma ya mama mafuta yalidondoka, moto ukaruka, na mama akasogea mbele ghafla kama aliyechomwa na sindano. Moshi wa ubani na moshi wa nyama ukatufunika sote. Askari akapandisha pua. Kisha akasimama, akasema twende kwa maombi. Akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama katikati.

"Binti, marehemu aliitwa nani?"

Nilimtazama nyanya. Nyanya akafumba macho. Nikajibu, "Swala."

Mama jirani akaruka. "Alaa! Kweli mwanangu, alasiri imeingia, nami nimejisahau hapa!" Akajikung'uta buibui akaenda zake kuswali, na wenzake, wakidhani ndiyo ruhusa ya kuondoka, wakamfuata mmoja mmoja, wakituachia pole.

Lakini kwa askari neno lile lilikuwa na maana moja tu. Alibaki amesimama. Akatazama banda la kuku lisilo na waya, akamtazama mama aliyetokwa na jasho, halafu kwa sauti ile ile ya upole akamwita baba. Baba alitoka, vifungo vyote vimefungwa, ametanguliza mikono miwili kabisa, tayari kwa pingu. Mpaka leo sijaona kitu cha kuchekesha na cha kuhuzunisha kama mikono ile. Nilianza kulia, na sasa nililia kweli.

Askari akamtazama baba, akanitazama mimi. "Nipeni kichwa, ngozi na kwato," alisema. "Lori limegonga swala Ndara. Nitaripoti hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa."

"Na hiyo nyingine?" baba akauliza, mikono bado hewani. Mama alitamani kumfinya.

"Nyingine ipi? Mimi nimekuja matangani." Nyanya akamnyooshea kipande cha ini, naye akakataa. "Nikila, mama, kesho nitamshika mtu kwa uso upi? Na nikikuta mtego hapa, nitamfunga hata wewe."

"Nifunge," nyanya alisema, "ila iwe jela yenye joto."

Alicheka mpaka akashika minyaa.

Alipoondoka na gunia tukakimbilia karai. Ole wetu! Nyama isiyo na mafuta haingoji maombi marefu. Ilikuwa imekauka, nyeusi, ngumu kama soli. Nyanya, aliyekuwa na meno machache, alichagua kipande akakifyonza hadi jua likazama, na kila tulipomuuliza ladha yake alituonyesha kidole: ngojeni.

Kesho yake mama alizunguka safu nzima kurudisha sukari, majani na kuni, akieleza kwa aibu kwamba palikuwa na kosa, hakuna aliyekufa. Hakuna aliyepokea. Walimkumbatia, wakasema Mungu ashukuriwe, basi tumieni kwa uzima.

Nyanya hayupo sasa, na baba alimfuata. Askari alihamishwa, sikumwona tena. Mwezi uliopita, nilipomaliza kula pale hotelini, nilitembea hadi ilipokuwa safu yetu, nikakuta ukuta wa mawe wenye vigae vya chupa juu yake na geti la chuma. Nilisimama kidogo, mlinzi akaniuliza namtafuta nani, nikamwambia napita tu. Nyama ya swala yenyewe sikuitafuna vizuri, siwezi kudai naikumbuka. Ila siku hizi ukilia, watu huuliza kwanza ni nani amekufa, ndipo waamue kama watakuja. Siku ile waliingia kwanza, wakaketi chini, wakalia nasi, ndipo wakauliza ni nani.