Siku ya Mama Iliyowaliza Mama Zetu

Miaka ile ya hamsini, nilipomaliza masomo ya usiku, Kiingereza kilinijaa kichwani hata kofia ikawa hainikai. Nikapata kazi katika duka la manukato mjini, kwa tajiri mmoja wa Kihindi, mtu mwema asiyelala kwa kufikiria biashara. Siku moja akafungua makasha kutoka Ulaya: kadi za mawaridi, sabuni za kunukia ndani ya visanduku, na tepe nyekundu za kukizunguka kisiwa kizima na kubakisha za kuifungia Tumbatu.

"Kwao kuna Siku ya Mama," akasema. "Mtoto humpelekea mama zawadi, akamshukuru. Wazungu hapa hawajai kiganja, lakini nani Unguja hana mama?"

Kisha akaongeza, kwa upole ule ule, kwamba mzigo usipotoka duka halitoweza kuweka watu wawili. Mtu wa pili nilikuwa mimi.

Basi nikaandika kwenye kioo, kwa herufi pana kama milango: MWENDEE MAMA JUMAPILI, MSHUKURU KWA YOTE. Nikawanadia wapita njia mpaka koo likanikauka. Makarani wakanunua, wachukuzi wa bandarini wakanunua. Nami, nisije nikawa mwadhini asiyeswali, Jumapili asubuhi nikapanda gari la shamba na kisanduku changu hadi kwetu Mkokotoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kheri? Leo si sikukuu."

Nikampa kisanduku, nikamwambia nimekuja kumshukuru kwa yote aliyonitendea.

Mama akaketi chini pale pale. Kwetu mtu hamwendei mamake na maneno kama hayo ila anapotaka radhi, na radhi huombwa na mwenye safari ndefu au anayeliona kaburi lake.

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote, mama. Leo Siku ya Mama."

"Na siku hizo nyingine za nani? Usinifiche. Meli au maradhi?"

Sijajibu, shangazi keshapiga ukelele, nyumba ikajaa. Wakanipima homa kwa viganja. Jioni ikasomwa dua ya safari, ubani ukafuka mpaka samaki baharini wakapiga chafya. Kila niliposema siendi, shangazi akajibu, "Ndivyo wasemavyo waendao wote."

Nikarudi mjini Jumatatu nimechoka kama niliyeibeba nyumba ile mgongoni. Dukani, tajiri alikuwa amezungukwa na akina mama wa mabuibui, kila mmoja na kisanduku chake.

"Wewe bwana, mwanangu unampeleka wapi?" mmoja alikuwa akimwuliza. Mwingine alikwishamfungia mwanawe chumbani, na ufunguo anao kiunoni.

Tajiri hakugomba. Aliwarudishia fedha zao, akazikunja tepe taratibu, akanitazama.

"Nawe?"

"Mimi nshaagwa," nikasema.

Tukacheka, wote wawili hatuna nguvu ya kucheka.

Mwezi ulipokwisha, na kazi ikaisha. Mjini nikazunguka kila duka, wapi! Nikaona nivuke, nikajaribu Dar es Salaam. Nikaenda Mkokotoni kumwambia mama, njia nzima nikitafuta maneno. Nikamkuta anapepeta mchele. Kisanduku kilikuwa rafuni, utepe haujafunguliwa.

"Mama, nnasafiri."

Hakuuacha ungo.

"Haya, nenda," akasema. "Dua si tulishasoma?"